Mtungi wa Saba

Jumatatu, Machi 4. Maji: mita 22.

Rejista ya chumba cha kujazia mitungi ya hewa ina safu sita: tarehe, namba ya mtungi, asilimia ya oksijeni, kina cha mwisho, jina, sahihi. Haina safu ya maneno. Mimi nina maneno mengi, na humu ndani wa kuzungumza naye ni kompresa tu, ambayo ikianza kunguruma hainipi nafasi. Kwa hiyo nimechukua daftari hili lililokuwa limekaa bure kabatini.

Tumefika leo. Kazi ni ile ile ya kila mwaka: kukarabati wavu wa chuma unaozuia magogo yasiingie kwenye mabomba ya mitambo ya umeme, chini kabisa ya ukuta wa bwawa, kabla mvua hazijalijaza. Wapiga mbizi ni wanne. Wawili tunawaita Mapacha, ingawa hawana undugu wowote, hawaachani tu. Wa tatu ni Taratibu, mtu wa miaka hamsini na sita ambaye hajawahi kukimbilia kitu, hata chakula. Wa nne ni mdogo wangu, tumbo moja, anayeitwa Kambare kwa sababu ya masharubu yake. Kazi hii nilimtafutia mimi. Siku tunaondoka, mama alinishika mkono akaniambia nimrudishe kama nilivyomchukua.

Jumanne, Machi 5. Maji: mita 22.

Mpishi kanitazama mikono akaniuliza kama nimeshinda nakanda majivu. Akaniletea kopo la mafuta ya kupaka. Nikamweleza, kama nilivyomweleza mwaka jana, kwamba mafuta na oksijeni tupu havikai chumba kimoja: tone moja kwenye koki, ukifungua kwa pupa, linawaka. Ndiyo maana mimi sipaki msimu mzima, na wapiga mbizi nao hawapaki siku za kazi. Akasema basi afadhali yeye aliyeolewa na masufuria. Kopo kaliweka kwenye rafu ya jikoni, linanisubiri nimalize.

Jumatano, Machi 6. Maji: mita 22.

Mpishi kaniuliza ninachofanya hasa ni nini, nikamjibu kwa mkato. Nalipa deni la jibu hapa. Hewa ya kawaida ina oksijeni ishirini na moja kwa mia. Mimi naiongeza. Tumeanza na arobaini. Faida yake ni kwamba mtu anafanya kazi chini muda mrefu zaidi bila mwili wake kujaa naitrojeni, ile inayoweza kumpooza akipanda. Hasara yake haina mzaha: oksijeni ikizidi, kina unachoruhusiwa kinapungua. Arobaini mwisho wake ni mita ishirini na tano. Thelathini na mbili, mita thelathini na tatu. Ukipita hapo, ile ile inayokupa uhai inageuka sumu. Mwili unakakamaa na kutetemeka kama wa mtu mwenye kifafa, na mara nyingi hupati hata dalili ya kukuonya.

Ukutani kuna tangazo la herufi kubwa: ATAKAYEUVUTA NDIYE ATAKAYEUPIMA. Kila mpiga mbizi anatakiwa aje mwenyewe, aweke kipimo kwenye koki, asubiri namba itulie, aiandike kwenye tepu ya mtungi, kisha asaini rejista. Kipimo chenyewe ni kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni.

Alhamisi, Machi 7. Maji: mita 22.

Mvua. Foleni mlangoni.

Ijumaa, Machi 8. Maji: mita 22.

Mvua tena, foleni tena. Chumba hiki hakina upana wa kugeuzia ndoo, na watu wanne wanatiririsha maji humu kila mmoja akisubiri kupima. Msimamizi anasimama nje na mwamvuli, anatazama saa. Ni mtu ambaye buti zake hazijawahi kushika tope, sijui anapita wapi. Leo kasema dakika ishirini zinazopotea mlangoni kwangu kila asubuhi ni dakika ishirini za wavu.

Jumatatu, Machi 11. Maji: mita 22 na nusu.

Nimepata dawa ya foleni. Mimi napima mitungi yote baada ya kujaza, ndiyo kazi yangu. Namba haibadiliki ikilala. Sasa kwa nini watu wanne warudie? Nimeandika ukurasa wa wiki nzima, Jumatatu hadi Jumamosi, wakasaini yote leo kwa mkupuo. Mapacha wamenibariki. Kambare kasema mkono wa dada yake anauamini kuliko kipimo chochote, akasaini bila hata kukaa. Nilijisikia vizuri, siwezi kukataa.

Taratibu peke yake ndiye aliyegoma. Kasaini ya leo tu, baada ya kupima. Nikamuuliza kama ananiona sijui kazi. Akasema, “Najua unaijua, mama. Lakini pumzi ni yangu.” Nikamwacha na kisanduku chake. Kuna watu wanazeeka na ukaidi wao.

Alhamisi, Machi 14. Maji: mita 23.

Kambare kapanda baada ya dakika nne tu, masikio yamegoma kufunguka. Mafua. Mtungi wake, wa saba, umerudi umejaa karibu wote. Nimeusimamisha nyuma ya mlango. Nimempa maji ya moto na nimemsuta kwa kulala na nywele mbichi.

Ijumaa, Machi 15. Maji: mita 23.

Hakuna jipya.

Jumanne, Machi 19. Maji: mita 24.

Kila asubuhi kabla ya chai naenda kusoma rula kubwa iliyochorwa kwenye ukuta wa bwawa. Wavu wenyewe haujasogea hata inchi moja. Boliti ni zile zile, kutu ile ile, Mapacha wanasema hata kuna samaki wanayemfahamu. Lakini maji juu yake yanaongezeka, na mtu anayekwenda mahali pale pale kila siku anakwenda mbali zaidi bila kujua. Ndicho kinachonifanya niamke mapema.

Kambare kaniambia siri wakati wa chakula. Ameomba kazi kwenye kampuni ya mabomba ya baharini, wamemjibu. Msimu huu ukiisha anakwenda kwa daktari wao, wakimwona mzima wanamchukua. Ameniomba nisimwambie mama kwanza. Alivyokuwa anacheka, masharubu yote yalijaa wali.

Jumapili, Machi 24. Maji: mita 25.

Imefika. Kuanzia kesho hakuna arobaini tena, ni thelathini na mbili. Msimamizi kanuna, maana muda wa chini unapungua, lakini rula ni rula.

Nimefanya kazi kutwa. Nilianza na tepu, kwa sababu mwandiko mzuri unataka mikono mikavu, na nikishashika mabomba ya kompresa siwezi tena kushika kalamu. Nimebandua tepu zote za zamani na kubandika mpya kwenye mitungi kumi na miwili: 32, mwisho mita 33, tarehe, jina langu. Halafu ndipo nikajaza. Mmoja niliukuta nimeshaujaza, sikumbuki saa ngapi, uchovu. Huo nimeuweka pembeni uwe wa akiba. Yote tayari. Ukiiona ilivyopangwa utasema duka.

Jumatatu, Machi 25. Maji: mita 25 na nusu.

Wamesaini wiki. Taratibu kapima.

Alhamisi, Machi 28. Maji: mita 27.

Nimemwomba Msimamizi ruhusa ya siku tatu nikamwone mama, mguu umemvimba. Kasema angeniruhusu kwa moyo mweupe, lakini hakuna mwingine anayejua kuchanganya. Hao wanne wanavuta mkono wangu, ndivyo alivyosema. Zamani maneno hayo yangenivimbisha kichwa. Leo nimeyasikia kama mtu anayefungiwa mlango kwa upole.

Jumatano, Aprili 3. Maji: mita 28 na nusu.

Mvua. Nguo hazikauki. Blanketi linanuka mbwa.

Jumamosi, Aprili 6. Maji: mita 29.

Daraja limekatika. Lilikuwa daraja moja, na barabara moja. Simu ya ofisini inafanya kazi ikitaka. Msimamizi katukusanya jikoni akasema hakuna cha kuogopa, chakula kipo cha wiki nne, na kwa kuwa hatuendi popote hatuna sababu ya kutomaliza wavu kabla maji hayajafika thelathini na tatu. Mmoja wa Mapacha kauliza ikiwa mtu atapata shida chini, hospitali atafikaje. Msimamizi kajibu kwamba mtu asipate shida.

Jumanne, Aprili 9. Maji: mita 30.

Dirisha langu linatazama ukuta. Mlango wangu unatazama kompresa. Kati ya kitanda na meza napita kwa ubavu. Leo nimegundua kwamba tangu Jumamosi sijatembea hatua mia moja kwa mstari ulionyooka bila kukutana na maji.

Jumatatu, Aprili 15. Maji: mita 31 na nusu.

Wamesaini wiki. Kambare kasaini huku anakula. Taratibu kapima, kaandika, kanishukuru kama kawaida. Sikumjibu. Namwona mtu wa kunidharau kwa adabu.

Jumatano, Aprili 17. Maji: mita 32.

Mkanda wa kompresa umekatika saa nane mchana. Nimeushona kwa waya, umekatika tena. Mitungi iliyojaa imebaki mitatu, pamoja na ule wa akiba. Yatosha kesho. Wavu umebakiza boliti sita.

Ijumaa, Aprili 19. Sikusoma rula.

Naandika ya jana.

Waliingia saa tatu asubuhi, Kambare na Taratibu kwanza. Mapacha walibaki kwenye pantoni, jukwaa letu linaloelea, wakishika kamba. Taratibu alikuwa ameupima mtungi wake. Kambare nilimbebea mimi mwenyewe ule wa akiba kutoka pembeni hadi pantoni, kwa sababu alikuwa anahangaika na buti. Nikamvalisha mgongoni. Nikampiga begani mara mbili kama ninavyofanya siku zote.

Dakika ya kumi na saba kamba ya Taratibu ikavutwa mara nne. Mara nne ni shida. Msimamizi akaanza kuwaambia Mapacha wavute, na mkubwa wao akakataa, akasema Taratibu hajaomba kuvutwa, ameomba tuwe tayari. Tukasubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile. Nilikuwa naangalia mapovu yanayotoka na siwezi kujua yapi ni ya nani.

Taratibu kanieleza baadaye, tumekaa jikoni. “Nilimwona kashika spana haizungushi,” alisema. “Nikamsogelea usoni. Mdomo unamcheza upande mmoja. Nikamwonyesha tupande, hakunijibu, akakakamaa mwili wote.” Alimkumbatia kwa nyuma akamkandamiza kwenye wavu asijiumize, akasubiri mpaka mtetemeko ukaisha na pumzi ikarudi, ndipo akaanza kupanda naye, polepole, akimwangalia kifua. Angempandisha wakati mwili umekakamaa, hewa ingempasua mapafu. Mtu mwingine yeyote kati yetu angekimbilia juu. Barakoa zetu zinafunika uso mzima, kwa hiyo maji hayakumwingia. Zile za zamani za kuuma mdomoni angezitema, na leo ningekuwa naandika mambo mengine.

Kambare alipotolewa majini alikuwa hanijui. Aliniita mama. Baada ya nusu saa akanijua, akaniuliza nani kamwondolea spana. Daktari kwenye simu kasema alale, aangaliwe, na mtu aangaliaye asimtoke.

Msimamizi kauliza kama ana kifafa. Kambare kasema hajawahi. Msimamizi kasema kila mwenye nacho alikuwa na siku ya kwanza, akaenda kuandika ripoti.

Mimi nikarudi chumbani kwangu na ule mtungi, nikafunga mlango. Nilikuwa bado naona tepu yangu, mwandiko wangu mzuri, 32. Ubavuni umechongwa namba: saba. Nikaweka kipimo. Nikasubiri namba itulie.

Arobaini.

Nilipima mara tano. Ni ule wa mafua. Ni ule nilioukuta “nimeshaujaza”. Niliubandika jina la kitu ambacho hakimo ndani, kisha nikauamini kwa sababu jina lilikuwa kwa mwandiko wangu. Na yule ambaye angeugundua kwa dakika mbili za kisanduku, mimi ndiye niliyemwambia asijisumbue.

Jumamosi, Aprili 20. Maji: mita 33.

Nimemweleza Msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango wa ofisi kwa mgongo wake. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alifungua rejista akanionyesha ukurasa: Alhamisi, mtungi, 32, sahihi ya Kambare. Kwa karatasi, mdogo wangu alipima mwenyewe akaona thelathini na mbili. Nikisema ni uongo, nimesema yeye kasaini uongo, na mimi nimebandika uongo, na sote wawili tunatoka kwenye kazi hii hatukanyagi nyingine. Nikinyamaza, hakuna aliyekosa. Ni mwili wake tu.

“Kaufungulie mtungi uishe,” aliniambia. “Karatasi zetu ni safi.”

Kazi ya chini imesimamishwa. Boliti tano zimebaki. Sasa sote tuko hapa bila kazi, tunasubiri daraja.

Jumapili, Aprili 21. Maji: mita 33.

Msimamizi kaja kusimama nje ya chumba asikie. Nimefungulia mtungi wa tisa, uliobaki robo. Umepiga mluzi dakika tatu nzima. Akaridhika, akaondoka.

Wa saba uko chini ya kitanda changu, nimeuviringishia blanketi. Sijui nauhifadhia nini. Sikuweza tu kuumwaga.

Jumanne, Aprili 23. Maji: mita 34.

Kambare anatembea. Anakula. Lakini hamimini chai. Anampa Mpishi kikombe, anasimama hatua mbili nyuma mpaka kimiminwe, na anakinywa kikishapoa. Leo nilimwona anakwenda kuoga na Mapacha wamesimama mlangoni, kawaomba yeye. Ngazi za ofisini hapandi. Wembe kaurudisha kwenye begi. Masharubu yameanza kumfuata mashavuni.

Ijumaa, Aprili 26. Maji: mita 34.

Kaja chumbani kwangu. Kakaa kitandani, visigino vyake vikigusa blanketi lenye mtungi. Kasema ameandika barua ya kuwaambia watu wa mabomba ya baharini wasimsubiri, ataituma barabara ikifunguka. Kisha akauliza bila kuniangalia.

“Dada, kwetu kuna mtu aliyekuwa na kifafa? Upande wa baba, labda?”

Nilikuwa nimesimama. Chumba hiki hakina mahali pa kwenda. Ukirudi nyuma ni meza, ukienda mbele ni mtu mwenyewe. Nikasema sijui.

Sijui. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Nimemwacha mdogo wangu atafute ugonjwa ndani ya damu ya marehemu baba, na jibu lipo kati ya visigino vyake.

Jumapili, Aprili 28. Maji: mita 34 na nusu.

Taratibu alinikuta kwenye rula. Mvua ilikuwa imepungua. Tulisimama kama watu wanaosubiri kitu kipite. Akaniuliza kama nakumbuka spana ya Kambare ilikuwa mkono gani, nikasema sikumbuki. Akasema naye hakumbuki, lakini kuna kitu anakikumbuka: asubuhi ile alipima mtungi wake, na wa Kambare ulikuwa hapo hapo, umbali wa mkono, na kisanduku kilikuwa bado kimewashwa. Hakuupima kwa sababu haukuwa wake. Amekuwa akijiuliza hilo siku kumi.

Miezi miwili nimemwona mtu huyu ananidharau. Kumbe kila asubuhi alikuwa ananisaidia kazi. Nikamwambia yote, pale pale, nikiangalia rula. Hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja tu: hewa ya mle ndani bado ipo? Nikasema ipo.

“Basi mwenyewe hajaipima,” alisema.

Jumatano, Mei 1. Maji: mita 34 na nusu.

Mafundi wa barabara wameonekana ng'ambo. Msimamizi kapiga buti zake rangi.

Alhamisi, Mei 2. Maji: mita 34 na nusu.

Mkaguzi wa usalama kazini kavushwa kwa mtumbwi. Ni mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na hakutaka chai. Tulikaa jikoni kwa sababu ofisi haituenei. Msimamizi alimsomea ripoti: hali ya kiafya isiyojulikana awali, kifafa. Akamfungulia rejista. Mkaguzi alipitisha kidole kwenye sahihi za wiki ile, akaangalia wino, akauliza kwa nini siku sita zina wino mmoja. Msimamizi akasema ni kalamu ya ofisi.

Kambare alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaona anakwenda kuitikia kila kitu.

Nikainuka. Nikaenda chumbani kwangu, nikauvuta mtungi chini ya kitanda, nikaubeba kama nilivyombebea siku ile, nikauweka juu ya meza ya Mpishi katikati ya vikombe. Msimamizi alianza kusema mtungi huo si ule, ule ulifunguliwa. Mkaguzi akamwinulia kiganja. Nikatoa kipimo mfukoni nikamwekea Kambare mbele yake.

Nikamwambia, “Pima. Uliuvuta wewe.”

Kwanza alikiacha kisanduku kivute hewa ya jikoni, kama tulivyofundishwa, akahakikisha kinasoma ishirini na moja. Ndipo akafungua koki kidogo. Ile sauti ndogo ya hewa ikasikika. Namba ilipanda, ikapita thelathini, ikapita thelathini na mbili. Alisubiri itulie. Akafunga, akafungua, akapima tena.

“Arobaini,” alisema. Aliiangalia tepu yangu. Kisha akaniangalia mimi. “Kwa hiyo si mimi.”

“Si wewe. Wala si baba. Ni mimi.”

Nikasema yote kwa mpangilio: mafua, mtungi nyuma ya mlango, tepu kabla ya hewa, ukurasa wa wiki nilioubuni mwenyewe. Nilisema pia kwamba niliulizwa na ndugu yangu nikajibu sijui. Mkaguzi hakuhitaji hilo, lakini nililisema. Aliandika ukurasa mzima kisha akanyoosha kalamu kwa Kambare, asaini alichokisoma. Alisaini polepole. Ilikuwa sahihi yake ya kwanza ya kweli tangu Machi 11.

Halafu akatoka nje bila kuzungumza na mtu. Hata na mimi.

Ijumaa, Mei 3. Maji: mita 34.

Nimesimamishwa mpaka kikao. Msimamizi naye. Kambare naye, mwezi mmoja, kwa kusaini bila kupima; lakini neno kifafa limekatwa kwenye ripoti kwa wino mwekundu, na daktari wa watu wa baharini atapewa namba ya kipimo badala ya jina la ugonjwa. Mapacha wametazama chini wakati Mkaguzi anapindua kurasa zao.

Asubuhi kupitia dirisha la jikoni nilimwona Kambare kachukua birika mwenyewe, limejaa, linatoa moshi. Kamimina mpaka ukingoni. Hajanisemesha.

Jumamosi, Mei 4. Rula sikuisoma, si kazi yangu tena.

Mtumbwi unakuja saa tano. Nimefagia chumba. Funguo nimempa Taratibu, na kisanduku. Akakipima kwanza kwa hewa ya nje kabla ya kukipokea, nami nikacheka kwa mara ya kwanza katika wiki mbili.

Mpishi kanisubiri kwenye ngazi na lile kopo lake. Nimekaa juu ya begi langu, nimejipaka mikono yote miwili, katikati ya vidole, mpaka viwiko. Ngozi ilikunywa kana kwamba haijawahi kuona mafuta. Nilikuwa naelekea kulimaliza kopo mtu aliposimama mbele yangu na buti ninazozijua. Masharubu alikuwa ameyanyoa sawa, na mashavu safi. Alinyoosha viganja vyake viwili, vyeupe kwa ukavu kama vyangu.

“Nibakizie,” alisema.

Nikambakizia nusu kopo.